Wimbo Uliochuchumaa

Kama uko jikoni, punguza moto chini ya sufuria. Kama uko kazini na bosi yuko jirani, punguza sauti kidogo, ila usizime. Wasikilizaji wapendwa, leo tuna msiba mkononi, na tuna wimbo.

Wimbo wenyewe mmeusikia sasa hivi tulipofungua kipindi. Wengi wenu mmekua nao. Mwanamume mwenye sauti nzito anauliza, "Hesabu?" Sauti nyingi zinamjibu, "Kamili!" Halafu gitaa linaingia, halafu debe. Na pale ubeti wa pili unapoanza, filimbi inalia, na sauti zote zinashuka kwa ghafla, kama watu waliotumbukia shimoni huku bado wanaimba. Ubeti mzima unaimbwa kutoka huko chini. Kisha, taratibu, zinapanda tena.

Mnakumbuka watu walivyobishana juu ya pale? Bendi za mitaani ziliiga. Kwenye harusi, wimbo ukifika hapo, wachezaji nao walishuka mpaka chini, wengine wakashindwa kuinuka, wakavutwa mikono. Mtangazaji mmoja wa hapa hapa studio, sasa mstaafu, alitueleza hewani kwa kirefu kwamba ule ni ufundi wa hali ya juu. Alisema ni ishara ya moyo wa binadamu unaonyenyekea. Mzee wangu, popote ulipo, leo utatusamehe tukicheka.

Aliyeutunga wimbo huo ametutoka. Tumemzika Jumamosi. Alikuwa seremala, alikuwa mfungwa, alikuwa mwimbaji. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: aliyeutunga na kuuimba wimbo wa "Kipande Changu", yule mliyemwita Fundi Kamili, hatunaye tena.

Nimekaa na familia yake wiki hii. Nimekaa sebuleni kwao, kwenye viti alivyovitengeneza mwenyewe, viti ambavyo ukikaa havilalamiki. Nilimuuliza mjane wake kama kuna jambo angependa nisiliseme. Alipanga vikombe upya kwenye sinia, akasema, "Sema yote. Nyumba hii imeshachoka kuficha." Basi nitasema yote.

Tuanze na ujana wake. Alikuwa fundi hodari, hilo hakuna anayelipinga. Alikuwa na karakana yake barabarani, yeye na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Wawili hao walifanya kazi pamoja tangu mashine yao ya kwanza ilipokuwa msumeno wa mkono. Mbao zikifika, walizinusa kwanza kama watu wanaonunua maembe. Na nyumbani kulikuwa na binti mdogo, mtoto wao wa pekee, aliyependa kuja karakana kukusanya vipande vya mbao vilivyobaki na kuvijengea nyumba. Baba yake akampa jina la utani. Akamwita Kipande. "Kipande changu kiko wapi?" alikuwa akiuliza akiingia nyumbani, na mtoto anajibu kutoka uvunguni mwa meza.

Lakini alikuwa na hasira. Mjane wake anasema mumewe alikuwa moto wa mabua, unawaka juu mpaka darini, na ukigeuka kutafuta maji umeshazimika. Shida ya moto wa mabua, wasikilizaji wapendwa, ni kwamba hata ukizimika upesi, kilichoungua kimeungua.

Siku moja walikuwa wanamalizia kitanda cha maharusi. Mwenye kitanda amekuja kukichukua, na watu wa mtaani wamesimama kutazama, maana kitanda kilikuwa kizuri kweli. Kupima, kikaonekana kifupi. Fundi alikosea kipimo. Shemeji yake, mtu wa utani tangu kuzaliwa, akasema si kitu, bwana harusi atalala chumbani na miguu yake italala sebuleni. Watu wakacheka. Bwana harusi mwenyewe akacheka.

Fundi hakucheka. Aliokota mguu wa kitanda uliokuwa umebaki chini, akampiga shemeji yake upande wa kichwa, mara moja. Shemeji akaanguka kwenye maranda. Damu ilitoka sikioni. Mjane wake anasema Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti, ndiye aliyembeba, ndiye aliyepiga kelele gari lisimame. Moto ulikuwa umeshazimika. Lakini sikio la kushoto la shemeji yake halikusikia tena mpaka leo. Mahakamani hakukana neno. Alifungwa miaka saba.

Sasa hapo ndipo familia ilipofanya kosa lake. Binti alikuwa mdogo. Alikuwa akiuliza baba yuko wapi. Mama akamwambia baba amepata kazi mbali sana, anatengeneza samani za meli, atarudi meli zikiisha. Akauliza mjomba amefanyaje sikio. Mjomba, ambaye ndiye aliyepigwa, akajibu ameanguka kwenye ngazi. Ndiyo, mjomba mwenyewe. Aliniambia hakutaka mtoto akue akiwa na kitu cha kuchagua kati ya mjomba na baba. Yeye ndiye aliyemlea miaka yote ile, akamlipia shule, akambeba mabegani. Wote wawili walidanganya kwa mapenzi, na mapenzi hayakuufanya uongo kuwa ukweli.

Twende gerezani.

Mwaka wake wa kwanza Fundi hakuzungumza na mtu. Walimpeleka karakana ya gereza, wakampa kazi ya kutengeneza madawati ya shule, akatengeneza, akanyamaza. Mambo yote ya mle ndani yaliendeshwa na filimbi. Ikilia, popote ulipo unachuchumaa, mikono juu ya magoti, na askari anapita kuhesabu. Uko karakana, chuchumaa. Una sabuni machoni, chuchumaa na sabuni yako. Msimamizi wa karakana, ambaye wafungwa walimpa jina la Afande Filimbi, akimaliza kupita aliuliza kwa sauti, "Hesabu?" Nyapara, mfungwa aliyewasimamia wenzake, akajibu, "Kamili!" Hapo ndipo watu wanainuka kwenda kula. Kama nyapara amejibu "Bado mmoja," hakuna anayeinuka. Mnangoja. Mvua ikinyesha mnangoja nayo, mpaka huyo mmoja apatikane.

Afande Filimbi naye ni mstaafu sasa. Nimezungumza naye. Anasema Fundi alichuchumaa mwaka mzima akiwa ametazama chini, kama anayetafuta sindano.

Kulikuwa na mfungwa mwingine mle, wakimwita Debe. Huyu hakuwa na chombo, lakini alikuwa anapiga kila kitu. Anapiga sahani, anapiga ukuta, anapiga dawati ambalo gundi yake haijakauka. Kwa mtu mwenye hasira, kukaa karibu na Debe ilikuwa adhabu ya pili juu ya ile ya hakimu. Siku moja karakana, Debe amegeuza debe la rangi, anapiga, Fundi akashindwa kuvumilia. Akainuka na mguu wa dawati mkononi, mkono umeshapanda juu.

Debe hakukimbia. Alilisukuma lile debe mbele yake na kumwambia, "Ukipiga, piga hapa."

Fundi alikuja kusimulia baadaye, mara nyingi, kwamba alichokiona pale juu mkononi mwake kilikuwa ule ule mguu wa kitanda. Alishindwa kuushusha, akashindwa kuurusha. Mwisho akapiga debe. Debe likalia. Mwenzake akajibu kwa vidole vyake, taratibu, upande wa pili wa debe. Fundi akapiga tena. Akajibiwa tena. Walipiga hivyo mpaka Afande Filimbi akaja kuona ni nini, na badala ya kupiga filimbi akavuta dawati, akakaa.

Hivyo ndivyo bendi ilivyoanza. Usione vyaelea, vimeundwa. Gitaa alilitengeneza Fundi kwa mabaki ya madawati. Nyuzi zilitoka kwenye waya wa breki wa baiskeli ya Afande Filimbi, waliufumua uzi mmoja mmoja. Nikamuuliza Afande, je, yeye alikuwa anasimamaje barabarani? Akanijibu kwamba alikuwa na miguu.

Lakini Fundi alikuwa na kasoro moja katika muziki, na ilikuwa kasoro ile ile iliyomfunga. Alikuwa anakimbia. Wimbo unaanza vizuri, mwendo mzuri, mara anachomoka mbele kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Akikosolewa, anakimbia zaidi. Debe hakuwahi kumgombeza. Aliacha tu kupiga. Anaweka mikono yake juu ya debe, wote wananyamaza, na gitaa la Fundi linabaki peke yake mbele huko mpaka lione aibu. Kisha Debe anamwambia, "Umetuacha. Rudi utuchukue."

Kila siku hivyo. Umetuacha, rudi utuchukue. Mpaka yule mtu ambaye hakuweza kungoja mzaha uishe, akajifunza kungoja watu. Afande anasema aliliona jambo hilo kwenye foleni ya chakula kabla hajalisikia kwenye gitaa. Fundi alianza kuwapisha wenzake mbele. Alianza kuuliza mtu ametoka wapi, ana watoto wangapi. Na akaja na mtindo wake: wimbo hauanzi mpaka waimbaji wote wamefika. Awe mmoja bado yuko kliniki, hawaanzi. Afande akaanza kuwatania, akawauliza kabla ya kila wimbo kama anavyouliza uani, "Hesabu?" Wao wakamjibu kwa pamoja.

Redio ilifika mwaka wake wa sita. Ndiyo, redio hii. Tulipata habari kwamba kuna bendi gerezani, tukatuma fundi mitambo na kinasa sauti, kipaza sauti kikasimamishwa juu ya mlingoti wake katikati ya karakana. Fundi alikuwa amemtungia binti yake wimbo. Kiitikio chake mnakijua nyote.

*Kipande changu, nimekuacha na joto la mkono,*
*kipande changu, usikue upesi, baba yuaja.*

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Fundi hakukimbia. Fundi mitambo wetu ameziba masikio kwa vile vifaa vyake vya kusikilizia, anatikisa kichwa kwa raha. Na Afande Filimbi amesimama pembeni, machozi yanamlengalenga, kwa mazoea yake akatazama saa ya ukutani. Saa ya kuhesabu ilikuwa imefika. Mkono wake ukafanya kazi bila kumuuliza. Akapiga filimbi.

Wasikilizaji wapendwa, bendi nzima ikachuchumaa.

Hawakuacha kuimba. Hakuna aliyewaambia waache kuimba, na filimbi ilikuwa imelia. Basi wakafanya vyote viwili. Kipaza sauti kikabaki kimesimama peke yake huko juu kama mgeni aliyesahauliwa, na wao wako chini kabisa, wanaimba wakiwa wametazama magoti ya fundi mitambo. Fundi alipiga gitaa limebanwa kati ya goti na kidevu. Ubeti mzima. Afande alipogundua alichofanya aliwapungia mikono, inukeni, inukeni, na sauti zikaanza kupanda, moja moja, wenye magoti mabovu wakiwa wa mwisho. Huo ndio ufundi wa hali ya juu tuliofundishwa hewani. Hiyo ndiyo ishara ya moyo unaonyenyekea. Ilikuwa ni saa ya kuhesabiwa.

Walitaka kurudia. Fundi mitambo alikataa katakata, akasema hata akirudi na vyombo vya dhahabu hatapata kitu kama kile. Wimbo ukaenda hewani, ukapendwa.

Na hapa ndipo tunapofika penye kidonda.

Binti yake wakati huo alikuwa msichana mkubwa, yuko shule. Alikuwa nyumbani anapiga pasi sare zake, redio iko dirishani. Mtangazaji akasema, sasa tunawaletea wanamuziki wafungwa kutoka karakana ya gereza. Binti akaendelea kupiga pasi. Kisha sauti ikaimba kipande changu. Binti aliniambia kwamba hakuitambua sauti kwanza, alilitambua jina, maana duniani hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Akasimama pale na pasi mkononi mpaka sketi ikatoa moshi.

Alimuuliza mama yake swali moja tu, meli gani. Mama akakaa chini. Akaenda kwa mjomba wake, akamuuliza ngazi gani. Mjomba, mtu wa utani, siku hiyo alimweleza yote bila utani. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwao iliishia kwenye ubao wa kupigia pasi.

Fundi alitoka gerezani mwaka uliofuata. Mlangoni alipokewa na watu wawili, mkewe na shemeji yake. Shemeji alimkumbatia, akamwambia aseme yote anayotaka kuungama akiwa upande wa kushoto, maana huko hakuna atakayemsikia. Fundi alilia barabarani kama mtoto. Lakini binti hakuja. Binti alikuwa ameshahamia kwa mama yake mdogo, na alikuwa amesema hataki kumwona.

Miaka ikapita, wasikilizaji wapendwa. Mingi. Fundi alifungua tena karakana, na kila wiki alirudi gerezani na gitaa lake, safari hii kwa hiari yake, kufundisha wengine kungojana. Debe alipotoka, alitoka na kwenda moja kwa moja kwa Fundi, akafanya kazi naye mpaka mwisho. Wengi walipitia kwenye karakana ile. Unaweza kumjua mtu aliyefundishwa na Fundi Kamili: hakai mezani kabla ya mwenzake.

Na nyumbani alikuwa na desturi yake moja. Kabla ya kula, kila siku, alimtazama mkewe na kumuuliza, "Hesabu?" Mkewe alitakiwa kujibu. Akajibu, "Bado mmoja." Ndipo wakala. Mjane anasema alimwomba aache jambo lile, lilikuwa linamchoma. Mumewe akamwambia, hesabu haidanganywi. Nyumba yetu ilidanganya mara moja, unaona tulipofika.

Na kama mlibahatika kumwona jukwaani, mtakumbuka kwamba hakuwahi kusema lile neno mwenyewe. Wenzake walijibu "Kamili!" Yeye midomo yake ilikuwa imefungwa. Watu walidhani ni maringo ya wasanii.

Binti alikua, akasomea dawa, akafungua duka la dawa, akaolewa. Fundi hakualikwa. Alikuwa akimtuma shemeji yake, mwambie baba yako anaomba msamaha kwa lile sikio la mjomba. Jibu halikurudi. Akatuma tena. Akatengeneza kigoda kizuri, cha miguu mitatu, kilichopigwa msasa mpaka ukikishika unadhani ni ngozi ya mtoto, akakituma. Binti alikipokea. Akakiweka dukani kwa ajili ya wateja wanaongoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia.

Mwaka jana Fundi alianza kuumwa. Kifua. Madaktari walisema maneno yao, na familia ikaelewa. Shemeji mtu akaona sasa inatosha. Akaenda duka la dawa, akangoja wateja waishe, akamwambia mpwa wake, "Sikio lililokufa ni langu, mwanangu, na mimi nimeshasamehe. Wewe unadai kwa niaba ya nani?"

Binti alimjibu, na jibu hilo mjomba alilisikia vizuri kwa sikio lake zima. "Sikio lako nililisamehe zamani, mjomba. Mimi aliniimba kwa nchi nzima kabla hajaniambia mwenyewe. Kila mtu aliujua wimbo wangu, mimi nikaujua nikipiga pasi. Na mpaka leo ananiomba msamaha kwa jambo lisilo langu."

Mnaona? Miaka yote ile Fundi alikuwa anabisha hodi kwa nguvu zake zote, lakini kwenye mlango wa jirani. Alikuwa anaomba msamaha kwa sikio. Binti alikuwa anangojea msamaha kwa wimbo.

Shemeji alirudi na kumweleza Fundi. Mkewe anasema siku ile Fundi alishika gitaa, akaliweka chini. Akalishika tena, akalitundika ukutani. Kesho yake akavaa shati safi, akaenda duka la dawa, polepole kwa sababu ya kifua chake, bila gitaa.

Duka lilikuwa limejaa. Aliingia, akakaa kwenye kile kigoda chake. Binti alimwona. Aliendelea kuhudumia. Mteja wa kwanza, wa pili, mama mwenye mtoto mwenye homa, mzee aliyesahau jina la dawa yake na kueleza tu kwamba ni nyeupe. Kila aliyeingia, Fundi alimpisha. Akatanguliza mtu, akatanguliza mwingine. Binti ananiambia alikuwa anangojea baba yake achoke, au akasirike, maana hasira zile alikuwa amesimuliwa sana. Hakukasirika. Alikaa pale na mikono juu ya magoti mpaka duka likawa tupu.

Ndipo akasema. Binti ameniruhusu niwape maneno yenyewe. "Nilikuimba kabla sijakwambia. Nilikuacha, nikaenda mbele na wimbo peke yangu. Kule ndani walinifundisha, mtu ukiwaacha wenzako unarudi kuwachukua. Nimechelewa kurudi, mwanangu. Nisamehe."

Binti alizunguka kaunta, akamtazama, akamuuliza kama anatumia dawa zake kwa wakati. Fundi akakiri kwamba anasahau. Binti akampangia upya, hii asubuhi, hii jioni, hii baada ya chakula. Kisha akasema kwamba hiyo ya baada ya chakula atakuja kuihakikisha mwenyewe, Jumapili.

Jumapili akaja, na mumewe, na watoto. Meza ikawa ndogo, wakaongeza ubao juu ya viunzi viwili vya kukatia mbao. Chakula kimepakuliwa. Fundi akamtazama mkewe kama kila siku, akauliza, "Hesabu?"

Mkewe akamtazama binti. Binti akauliza hesabu ya nini. Mjomba, aliyekuwa amekaa na sikio lake bovu upande wa mezani, akauliza kwa sauti kuna nini, nani kapotea. Na mama, huku akijifuta kwa upindo wa kanga, akasema, "Kamili."

Fundi aliweka kijiko chini. Alisema neno hilo naye, kwa sauti ndogo, kwa mara ya kwanza tangu atoke gerezani. Kamili. Kisha akamwambia kila mtu ale, chakula kinapoa, na yeye mwenyewe akashindwa kula kwa furaha. Walikuwa na Jumapili nyingi baada ya hapo. Si zote walizozitaka, lakini nyingi.

Nimalizie na Jumamosi, makaburini. Watu walikuwa wengi. Wakuu wa gereza waliiruhusu bendi ije, wapya waliofundishwa naye, na wazee wa zamani walikuwepo wakiwa na Debe, kichwa cheupe, na lile debe lake. Afande Filimbi alisimama mbele, karibu na jeneza lililokuwa bado kando ya kaburi. Filimbi ilikuwa shingoni. Akauliza kwa sauti yake ya uani. "Hesabu?"

Hakuna aliyejibu. Nani angejibu? Kila mtu alikuwa anaona aliyepungua. Wanabendi walitazamana, Debe akatazama mikono yake.

Ndipo binti yake akajibu. Alisimama pembeni ya kaburi, mkono wake uko kwenye mkono wa mama yake. Alisema, "Kamili." Hakupaza sauti. Halafu akaongeza, "Imbeni. Yupo."

Wakaimba "Kipande Changu". Ubeti wa pili ulipofika, Afande akapiga filimbi. Wazee wote wakachuchumaa, na magoti yao yale. Bendi mpya ikachuchumaa. Mjane akachuchumaa akishikilia bega la mjukuu. Binti akachuchumaa, nguo zake nyeusi kwenye udongo mwekundu. Na mimi mtangazaji wenu, nikiwa na kipaza sauti mkononi, nikajikuta niko chini. Aliyebaki amesimama alikuwa mmoja tu, mjomba. Filimbi ililia upande wake wa kushoto. Alishangaa watu wote wamekwenda wapi, akatazama huku na huku, akatuona tuko chini tunaimba. Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka. Akachuchumaa wa mwisho, na kwa mkono mmoja akaligusa jeneza alipokuwa anashuka, kama mtu anayejishikiza kwa rafiki.

Kwa mjane, kwa binti, kwa shemeji aliyesamehe mapema kuliko sisi wote, kwa Debe, kwa Afande, na kwa wale walioko ndani wanaotusikiliza jioni hii kwenye redio ya karakana: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu ailaze roho yake pema.

Na wewe msikilizaji mpendwa, hapo ulipo, pengine sahani ziko mezani. Pengine kuna mtu uliyemwacha nyuma ukaenda mbele na wimbo wako. Pengine unamwomba msamaha kila mwaka, na hujawahi kumuuliza kosa ni lipi. Pengine wewe ndiye unayengojewa. Sitakwambia la kufanya. Fundi hakuwahi kumwambia mtu la kufanya. Aliuliza swali lake, akangoja.

Tunauweka wimbo tena, wote, mpaka mwisho. Kabla hujausikia, geuka, tazama waliopo mezani kwako, na mkumbuke asiyekuwepo.

Hesabu?